Skrini nyeusi siku tatu, kumbe kibodi haikuitika

Hiki kisa nakiandika chote mwanzo mwisho kwa sababu kila fundi ninayemsimulia ananijibu kitu kilekile, "mimi ningebadilisha kadi ya video", na hapo ndo hela za watu zinapopotelea.

Simu iliingia Alhamisi asubuhi. Kuna mama mmoja anasimamia maabara ya kupima sampuli za udongo na mawe hapa Dar, tunafahamiana toka zamani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ile kompyuta yetu ya kizamani imekufa, toka juzi Jumanne skrini nyeusi tii, fundi aliyekuja kasema kadi ya video imeungua na hapa nchini haipatikani, iagizwe nje, na mimi sampuli za watu zimejaa hapa mpaka mlangoni." Nikamwambia asiagize chochote mpaka nifike.

Kompyuta yenyewe ni Sun SPARCstation 5, lile boksi bapa la mwaka 1994, ndani inaendesha Solaris 8, mfumo endeshi wa kampuni hiyohiyo ya Sun. Wanaendelea nayo kwa sababu programu inayoongoza kifaa chao cha vipimo iliandikwa kwa Solaris tu na kifaa bado kinapima vizuri, sasa kukibadilisha kifaa kizima kisa kompyuta ni hela ndefu mno. Hiyo hali ipo sehemu nyingi, maabara, viwandani, hospitali, na mimi naiheshimu, mashine inayofanya kazi iache ifanye kazi.

Nilipofika nikaiwasha. Feni inazunguka, taa ya pawa inawaka, diski nasikia inaamka na inakwaruza vizuri kama diski inayosomwa. Monita nikaibadilisha na nyingine, bado nyeusi. Mpaka hapo kweli hata mimi ningeweza kusema kadi ya video, lakini kuna vitu viwili vilinikaa kichwani. Cha kwanza, kibodi yao ni Type 5, jina la toleo mojawapo la kibodi za Sun, na kibodi ya Sun ukiwasha mashine taa zake nne za juu zinamulika zote kwa pamoja mara moja afu zinazima, hiyo ni kibodi inajipima yenyewe. Hapa hazikumulika. Cha pili ni kipanya, wao wana kile cha taa kinachotembea juu ya kibao cha chuma chenye mistari, ukikigeuza unaona taa nyekundu chini, na taa ilikuwa imezima. Sasa kipanya cha Sun za zama hizo hakichomekwi kwenye kompyuta, kinachomekwa ubavuni mwa kibodi na umeme wake unapitia waya uleule wa kibodi. Kwahiyo vitu viwili vimekosa umeme na vyote viko upande mmoja wa waya mmoja.

Nikauliza, "mama, hapa kuna kitu mmebadilisha?" Akasema hapana. Nikauliza tena nikionyesha waya, huu waya ni wa siku zote? "Aa, huo, panya alitafuna ule wa mwanzo, kijana wetu akatafuta mwingine kwenye boksi la vifaa vya zamani, unaingia vizuri tu." Lini? Jumatatu jioni.

Hapa inabidi nieleze kidogo hizi mashine zinavyofikiri la sivyo kisa hakieleweki. Watu wengi wanaichukulia kibodi kama rundo la swichi, ukibonyeza A kompyuta inapata A. Sio hivyo hata kidogo. Ndani ya kibodi kuna chipu yake, kakompyuta kadogo, kazi yake kutwa nzima ni kukagua vitufe mstari kwa mstari na kutuma namba kwenda kwenye kompyuta kubwa, na kompyuta kubwa nayo inaituma kibodi maagizo. Ni mazungumzo ya pande mbili. Na kwenye Sun mazungumzo hayo yanaanza kabla ya kitu kingine chochote: ukiwasha, programu ya kwenye ROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika), ile OpenBoot, inaitafuta kibodi. Ikiitika, mashine inachukua kibodi na skrini kama konsoli, yaani sehemu ya mtu kuongea na mashine. Isipoitika, mashine inahitimisha kwamba hapa hamna mtu amekaa mbele yangu, mimi ni seva ya kukaa kwenye kabati, inahamisha kila kitu, maandishi yote ya kuwaka na sehemu ya kuingilia, inapeleka kwenye tundu la siriali la kwanza (tundu linalotuma biti moja moja kwenye waya) linaloitwa ttya. Skrini haipewi hata herufi moja. Haijaharibika, ni uamuzi tu.

Huo sio ubovu wa muundo, ni akili nzuri sana, ndio maana seva za Sun uliweza kuziendesha miaka bila monita wala kibodi. Ila kwa mtu asiyejua, kibodi kufa na kadi ya video kufa vinafanana kabisa.

Basi nikatoa laptopu, adapta ya USB kwenda siriali, kebo iliyokatizwa ya kutuma kwenda kupokea, nikachomeka kwenye tundu la pini 25 nyuma, terminali, ile programu ya laptopu ya kuonyesha maandishi ya siriali, nikaiweka kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, stopu biti 1. Nikazima mashine nikaiwasha upya. Baada ya muda mfupi maandishi yakaanza kumwagika na mstari wa juu kabisa umeandika "SPARCstation 5, No Keyboard". Afu Solaris ikaendelea kuwaka kama kawaida mpaka ikafika "login:". Mama akawa amesimama nyuma yangu, nikamwambia mashine yako haijafa hata siku moja, siku zote tatu mlivyokuwa mnaiwasha ilikuwa inawaka mpaka mwisho inamsubiri mtu aingie, ila inamsubiri kwenye mlango wa nyuma. Alikaa chini kwenye kiti akashika kichwa. Ile ankara ya kadi ya video ilikuwa mezani tayari.

Nikaingia kwa kutumia laptopu, nikakagua diski iko salama, nikazima mashine kistaarabu, sasa ndo nikaugeukia waya.

Waya wa kibodi hizi una plagi ya duara ya pini 8 kila mwisho na unachomoka pande zote mbili. Upande wa kompyuta pini 1 na 2 ni ardhi, pini 3 na 8 ni volti 5, pini 4 ni data za kipanya zinazoingia, pini 5 ni maneno ya kompyuta kwenda kwa kibodi, pini 6 ni maneno ya kibodi kuja kwa kompyuta. Waya sahihi ni wa moja kwa moja, 1 kwa 1, 2 kwa 2 mpaka mwisho. Nikachukua mita nikaweka kwenye mlio nikaanza kupima huu waya wa kwenye boksi: pini 3 inatokea pini 5. Pini 5 inatokea 3. Pini 6 inatokea 8 na 8 inatokea 6. 1 na 2 zimebadilishana, 4 na 7 tu ndo zimenyooka.

Huo mpangilio mtu aliyewahi kushika Mac za zamani anaujua, ni kebo ya printa ya Apple ya pini 8. Plagi ni ileile, umbo lilelile, inaingia bila kulazimisha, ila ndani imekatizwa makusudi kwa ajili ya printa. Kwahiyo volti 5 ya kompyuta ilikuwa inaenda kwenye laini za data za kibodi, na sehemu ya kibodi inayosubiri umeme ilikuwa imeunganishwa na laini za data za kompyuta. Ardhi peke yake ndo ilikutana na ardhi. Bahati kubwa sana hizi laini za data nazo ni za volti 5, zingekuwa za volti 12 zile za siriali ya kawaida nisingekuwa na cha kusimulia.

Waya wa asili ulikuwa bado upo kwenye droo, panya kautafuna katikati lakini plagi zote mbili nzima. Nikakata sehemu iliyoliwa, nikaunga nyuzi zote nane moja moja kwa solda na mipira ya kusinyaa, nikizifuata kwa mita na sio kwa rangi (rangi usiziamini, kila kiwanda kina zake). Kazi ya kama dakika arobaini.

Lakini sikuichomeka kwenye kompyuta. Kibodi ilishakula volti 5 kwenye laini za data siku tatu, sijui imebaki nzima au laa, na ile bodi ya SPARC sitaki kuifanyia majaribio. Nikataka kwanza niisikie kibodi ikiongea yenyewe. Na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kibodi ya Sun toka Type 2 mpaka Type 5 hii ya pini 8 inaongea siriali ya kawaida kabisa: biti 1200 kwa sekunde, stati biti moja, biti 8 za data, stopu biti moja. Nikachukua kiadapta cha USB chenye chipu ya FTDI, nikakipa kibodi volti 5 na ardhi kutoka kwenye USB, laini mbili za data nikaziunga. Taa nne zikamulika! Hapo moyo ukatulia nusu. Ila kwenye terminali zikaja sifuri sifuri na makosa ya fremu (baiti hazianzi wala kuisha panapotakiwa), takataka tupu. Sababu ni kwamba Sun wamegeuza alama: siriali za chipu za kawaida laini ikiwa imepumzika inakaa juu kwenye volti 5, ya Sun ikipumzika inakaa chini kwenye sifuri. Ni kama mtu anaongea na wewe ila kila ndio yake ni hapana. Hiyo chipu ya FTDI, FT232R, unaweza kuiambia igeuze laini zake kwa programu, nikageuza kutuma na kupokea, nikachomoa nikachomeka upya.

FF 04 7F.

Hizo baiti tatu (zimeandikwa kwa heksa, yaani namba za kuhesabu kwa kumi na sita) ndo kibodi inajitambulisha. FF maana yake nimejipima niko mzima, 04 ni aina yangu, 7F ni hamna kitufe kilichobonyezwa. Ingekuwa imefeli kujipima ingetuma 7E. Ukiona 04 usishangae kwamba kibodi ni Type 5, Type 4 na Type 5 zote zinajitaja 04, tofauti unaijua kwa kuuliza swali la pili. Nikatuma 0F, maana yake niambie mpangilio wa vitufe vyako, ikajibu FE 21, na humo ndani ile biti ya 20 kwa heksa ndo inayoonyesha ni Type 5. Linux, mfumo endeshi mwingine, nayo inatofautisha hivohivo.

Nikabonyeza A: ikaja 4D. Nikaachia: CD 7F. Yaani kubonyeza ni namba ya kitufe, kuachia ni namba ileile ukijumlisha 80 ya heksa, na kila vitufe vyote vikiwa juu inamalizia na 7F kusema sasa mikono imetoka. Kwenye kasi hii baiti moja inachukua kama milisekunde 8.3, kwahiyo gusa moja ya A ni milisekunde 25 za waya. Kwa vidole vya binadamu inatosha na kubaki.

Afu nikabonyeza Caps Lock. Ikaja 77, na taa haikuwaka. Kijana wa pale, yuleyule aliyeweka waya, akaniambia "bro taa imekufa". Hapana. Kibodi haiwashi taa yake yenyewe. Inasema tu mtu kabonyeza kitufe namba 77, kompyuta ndo inaamua kama hiyo ni Caps Lock na kama iwake, afu inatuma amri. Nikamtumia kibodi 0E 08, taa ya Caps ikawaka. 0E 00, ikazima. Nikamwachia laptopu atume mwenyewe. Akatuma 02 na kibodi ikaanza kulia piiii bila kuacha, kwa sababu hata mlio wa kengele wa hizi mashine unatoka kwenye kibodi, 02 ni anza kulia na 03 ni nyamaza, usipotuma 03 italia tu. Mama akaja mbio kutoka chumba cha pili. Kijana akatuma 03 na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa kitu ambacho ningemweleza kwa maneno wiki nzima asingekielewa.

Kuna aliyeuliza pale kwa nini tusichukue tu adapta ya kibodi ya PS/2 (aina ya kibodi za PC za zamani) zile za Kariakoo. Haiwezekani kwa waya tu. PS/2 plagi yake ni ya pini 6, inaongea kwa fremu za biti 11 na kibodi ndo inapiga saa yake kwenye waya wa pembeni, karibu mara 10,000 hadi 16,700 kwa sekunde, na ikijipima vizuri inasema AA. USB ndo kabisa, kibodi haisemi mpaka iulizwe. Ni lugha tofauti, unahitaji mkalimani, yaani chipu katikati yenye programu, watu wanatengeneza kwa Arduino (kibao kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu) na zinafanya kazi vizuri, lakini kwa maabara yenye kibodi nzima haina haja.

Nikarudisha kila kitu mashine ikiwa imezimwa, nikawasha. Taa nne, kipanya chekundu chini, skrini ikawaka nyeupe na maandishi meusi: "SPARCstation 5, Keyboard Present". Saa nane mchana walikuwa wanapima sampuli.

Ningeweza kuishia hapo lakini baada ya kama wiki mbili mama akapiga tena, safari hii usiku. Kifaa kiko katikati ya kupima na kompyuta imesimama, skrini imeandika "ok" tu na alama inamulika. Nikamuuliza nani kagusa kibodi. Dada wa usafi alichomoa waya ili afute vumbi, akarudisha.

Hii ni tabia nyingine ya Sun inayotoka kwenye mazungumzo yaleyale. Kwenye siriali, laini ikikaa upande usio wa mapumziko kwa muda mrefu kuliko baiti nzima hiyo inaitwa breki, sio herufi, ni ishara ya kipekee. Ukichomoa kibodi hamna tena wa kuishika laini kwenye sifuri, kompyuta inaona breki, na kwenye Sun breki kutoka kwenye konsoli ina maana sawa na kubonyeza Stop na A kwa pamoja: simamisha kila kitu, nipeleke OpenBoot. Mfumo mzima unagandishwa hapohapo, na kila kitu bado kiko kwenye memori.

Nikamwambia, "mama usizime wala usiguse swichi, andika herufi mbili, go, afu bonyeza Return." Kimya. Afu nikasikia "imerudi mwanangu, imerudi." Ile neno go linairudisha Solaris pale ilipoachia. Sampuli ile moja waliirudia kwa sababu kifaa kilisubiri muda mrefu bila maagizo, zilizobaki ziliendelea.

Kesho yake nikaenda nikafungua faili ya /etc/default/kbd nikaweka KEYBOARD_ABORT=disable, nikaendesha kbd -i ili isome mpangilio mpya bila kuwasha upya. Afu nikajaribu mwenyewe mbele yao wakati kifaa hakifanyi kazi, nikachomoa kibodi, nikahesabu mpaka kumi, nikarudisha. Kibodi ikamulika taa ikajitambulisha upya na mashine ikaendelea kana kwamba hamna kilichotokea. Gharama ya huo mpangilio ipo, siku Solaris ikiganda kweli Stop-A haitakusaidia kuingia OpenBoot, itabidi ukate umeme. Kwa mashine ya mtu anayejifunza nisingeweka hivyo. Kwa mashine inayopima sampuli za watu usiku kucha kwenye chumba kinachofagiliwa kila siku niliona ni bora, na mama alikubali baada ya kumweleza pande zote mbili.

Ile kebo ya printa nimeifunga utepe mwekundu plagi zote mbili na kuandika "SIO YA KIBODI", nikairudisha kwenye boksi lake kwa sababu huwezi jua nani bado ana printa yake. Na kwenye ukuta pembeni ya SPARCstation nimebandika karatasi yenye mistari mitatu ya maandishi makubwa: ukiwasha angalia taa nne za kibodi, zisipomulika usiite fundi wa video, chomeka laptopu tundu la nyuma kwa 9600. Kijana ndo aliyeiandika, kwa mkono wake.